Seva mpya inaona diski pepe za seva ya zamani kwenye storeji moja: nibadilishe upangaji, au kuna jambo jingine?

Fundi_wa_Cheyo (Tabora), mtoa mada

Ndugu wadau, habari za kazi.

Ninasimamia chumba cha seva katika hospitali moja hapa Tabora mjini. Tuna storeji (mtambo wa diski unaohudumia seva) ya Dell PowerVault MD3200i yenye kontrola mbili zinazoendesha diski zake, nayo imeunganishwa na seva kwa iSCSI, yaani diski hufikiwa kupitia mtandao, kwa swichi mbili. Kwa muda mrefu ilihudumia seva moja tu ya Linux, inayotunza hifadhidata ya wagonjwa, na upangaji wake ulikuwa mwepesi kueleweka: diski pepe (sehemu ya storeji ambayo seva huiona kama diski kamili) ya GB 600 yenye hifadhidata ilipewa LUN 0, yaani namba ambayo seva huifikia diski kwayo, na nyingine ndogo ya kumbukumbu za ofisi ikapewa LUN 1.

Sasa idara ya eksirei imeanza kutunza picha zake kidijitali, kwa hiyo tumeletewa seva ya pili. Mzabuni aliyeileta hakusakinisha mfumo upya. Alinakili diski nzima ya mfumo kutoka seva ya zamani, akabadilisha jina la seva na anwani ya IP, akasainiwa hati ya makabidhiano na kwenda zake. Nimeshaunda diski pepe ya TB 2 kwa ajili ya picha, ila sijaipangia seva yoyote, kwa sababu nimekuta mambo yanayonitia shaka. Kwenye programu ya usimamizi naiona seva moja tu, ile ya zamani; lakini seva mpya, ambayo sijaipa ruhusa ya aina yoyote, tayari inaziona diski zote mbili za mwenzake. Nikiorodhesha diski kwa `lsscsi` na `lsblk`, inaonekana pia ya tatu yenye ukubwa wa MB 20 tu, jina lake "Universal Xport", na haikubali kugawanywa wala kuandikwa kitu. Isitoshe, logi za seva zote mbili zimejaa mstari huu, unaojirudia kila baada ya sekunde chache:

`connection1:0: detected conn error (1020)`

Naomba mnisaidie kujua kama inafaa niufute upangaji wote na kuuanza upya, na kama diski mpya niipe LUN 2 kwa kuwa 0 na 1 zimeshachukuliwa. Ningependa pia kuelewa hiyo diski ya MB 20 ni ya nini. Seva ya zamani inatumika usiku na mchana, hivyo siwezi kuizima bila kuomba kibali.

Mdau_wa_Isevya

Mkuu, pole na majukumu. Mimi ningeanza kwa kutazama kundi la chaguo-msingi katika kichupo cha upangaji. Kwenye familia hii ya storeji, diski pepe yoyote iliyopangiwa kundi hilo huonekana kwa kila seva ambayo haijapewa upangaji wake mahususi. Waliofunga mtambo enzi za seva moja mara nyingi huacha diski zote humo kwa sababu kila kitu hufanya kazi, na tatizo hujitokeza siku seva ya pili inapochomekwa.

Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, sajili kila seva kwa jina lake, kisha uzihamishe diski kutoka kundi hilo na kuzipangia seva husika moja kwa moja. Zingatia kwamba seva ikishapata upangaji wake mahususi hutoka katika kundi la chaguo-msingi, na diski zilizobaki humo haitaziona tena. Kwa hiyo usihamishe diski moja leo na kuiacha nyingine hadi kesho. Hii ni kazi ya jioni moja, futa na upange upya.

BiSeva_Ujiji (Kigoma)

Ndugu Fundi, kabla hujagusa upangaji wowote, nenda nyuma ya seva mpya ukachomoe nyaya zake zote za iSCSI. Usiizime kwa utaratibu wa kawaida, wala usianze kwa kubandua diski (unmount). Najua tumefundishwa kinyume cha hayo, kwa hiyo nitaeleza sababu.

Storeji haijui lolote kuhusu sanduku la chuma uliloliweka kwenye raki. Inachokijua ni jina la IQN ambalo seva hujitambulisha nalo inapoingia, na upangaji wa diski hufungwa kwenye jina hilo. Kwenye Linux jina hilo huandikwa katika faili la `/etc/iscsi/initiatorname.iscsi`. Mtu anayenakili diski nzima ya mfumo hulinakili na faili hilo, na kubadilisha jina la seva au anwani ya IP hakuligusi hata kidogo. Kwa macho ya storeji, basi, seva zako mbili ni seva moja, na ndiyo maana unaiona moja tu kwenye programu ya usimamizi.

Mstari wa 1020 unaniongezea uhakika. Katika kanuni za iSCSI, zilizochapishwa mwaka 2004 kama RFC 3720 na kuunganishwa upya katika RFC 7143 mwaka 2014, kikao cha seva na storeji hutambuliwa kwa jina la seva pamoja na namba ya kikao iitwayo ISID. Jina lile lile likija na ISID ile ile kwenye lango lile lile, storeji huchukulia kwamba ni mteja wake wa zamani aliyekatikiwa na mawasiliano na sasa amerudi. Hukifunga kikao cha kwanza na kukipokea kipya. Sasa seva zako zinaendesha programu ile ile ya iSCSI yenye mipangilio ile ile, na programu hiyo huhesabu ISID zake kwa mpangilio ule ule, kwa hiyo zinagongana. Mpya ikiingia, ya zamani inatolewa. Ya zamani ikirudi, mpya inatolewa. Namba 1020 maana yake ni kwamba koneksheni imefungwa na upande wa pili.

Kuhusu nyaya: diski iliyonakiliwa ilibeba pia faili la `/etc/fstab`, orodha ya diski ambazo seva huzipachika (mount) inapowaka, na ninahofia kwamba seva mpya ilipowaka iliipachika diski ya hifadhidata yenyewe. Mifumo ya faili kama ext4 na XFS imejengwa kwa imani kwamba mwandishi ni mmoja. Kila seva ina taswira yake ya diski kwenye kumbukumbu, na haina njia ya kujua kwamba mwenzake ameandika kitu. Ukiibandua diski kwenye seva mpya au ukaizima kistaarabu, itamwaga kwenye diski kila ilichokuwa imekishikilia, ambacho sasa kimepitwa na wakati, na itakimwaga juu ya kazi halali ya seva ya zamani. Waya uliochomolewa haumwagi chochote.

Ndugu wa Isevya ameeleza vizuri kuhusu kundi la chaguo-msingi, na litazamwe, ila kufuta na kupanga upya wakati huu hakutasaidia, kwa sababu upangaji mpya utafungwa kwenye jina lile lile linalotumiwa na seva mbili. Toa nyaya kwanza, linganisha mafaili ya IQN ya pande zote mbili, kisha urudi utupe majibu.

Fundi_wa_Cheyo

Ahsante sana, dada. Nyaya zimetoka, na papo hapo mstari wa 1020 ukakoma kwenye seva ya zamani. Mafaili ya IQN yanafanana herufi kwa herufi. Hofu yako kuhusu `fstab` ilikuwa na msingi: diski ya hifadhidata ilikuwa imepachikwa pande zote mbili kwa ruhusa ya kuandika, na ni ext4. Diski ya kumbukumbu za ofisi haikupachikwa kwenye seva mpya, kwa kuwa kwenye `fstab` haimo. Huwa tunaipachika kwa mkono.

Ndugu wa Isevya, nimetazama pia kundi la chaguo-msingi na nimelikuta tupu. Diski zote mbili zimepangiwa seva ya zamani kwa jina lake.

Seva ya zamani bado inafanya kazi na wauguzi hawajalalamika. Uongozi umenipa kibali cha kuisimamisha usiku. Nianzie wapi?

BiSeva_Ujiji (Kigoma)

Kutolalamika kwa wauguzi kusikupe usingizi, kwa sababu uharibifu wa aina hii hujificha kwenye ramani ya nafasi zilizo wazi na hujulikana siku faili jipya linapoandikwa juu ya la zamani. Usiku wa leo simamisha hifadhidata, bandua diski ya GB 600, kisha uikague kwa `e2fsck -n`. Herufi hiyo ya n ni ya lazima katika hatua hii: inasoma na kueleza makosa bila kurekebisha chochote.

Ikiripoti makosa, usirekebishe kabla ya kuwa na nakala ya diski jinsi ilivyo. Hapa ndipo diski yako mpya ya TB 2 itakapofanya kazi ya kwanza, tofauti na ile uliyoiundia. Ipangie seva ya zamani kwa muda. Kwa seva hiyo ni sahihi kuipa LUN 2, kwa kuwa 0 na 1 zimeshatumika kwake. Baada ya kuipanga, seva haitaiona mpaka uiambie itazame tena kwa `iscsiadm -m session --rescan`, bila kuizima na kuiwasha. Itambue kwa namba yake ya WWID, ile ndefu inayoonekana kwenye `multipath -ll` (amri inayoorodhesha diski na njia zote za kuzifikia), na uilinganishe na iliyoandikwa kwenye sifa za diski pepe katika programu ya usimamizi. Majina ya sdb au sdf hubadilika kila seva inapowaka, na watu wamefuta diski zenye data kwa kuyaamini.

Weka mfumo wa faili kwenye diski hiyo ya TB 2, kisha utumie `dd` kuinakili diski ya hifadhidata iwe faili moja kubwa ndani yake. Usinakili diski juu ya diski, kwa sababu nakala ya namna hiyo hubeba UUID (namba ya utambulisho) ile ile ya mfumo wa faili, na ukipachika kwa UUID hutajua umepachika ipi. Utakuwa umetoka kwenye majina pacha ya seva na kuingia kwenye majina pacha ya diski. Kwa waya mmoja wa gigabiti 1, GB 600 huchukua takribani saa moja na nusu hali ikiwa nzuri kabisa, na kwa kuwa kusoma na kuandika vyote vinafanyika kwenye storeji hiyo hiyo, omba kibali cha muda mrefu zaidi ya huo. Nakala ikikamilika, ndipo urekebishe kwa `e2fsck` bila ile n, halafu hifadhidata ijikague kwa zana zake yenyewe na ulinganishe na nakala rudufu ya mwisho unayoiamini.

Kuhamisha diski ya TB 2 kwenda seva mpya kuna mpangilio wake, na unaanzia kwenye seva, storeji inafuata baadaye. Kwenye seva ya zamani bandua diski, ondoa jina lake kwenye orodha ya njia kwa `multipath -f`, kisha uifute kila njia yake kwa kuandika 1 kwenye `/sys/block/sdX/device/delete`, ukiweka jina halisi badala ya sdX. Baada ya hapo ndipo uubadilishe upangaji kwenye programu ya usimamizi. Ukianza na storeji, seva itabaki na njia zisizoelekea popote, na mahali ambapo multipath imewekewa `queue_if_no_path` (maombi yasubiri hadi njia irudi), programu yoyote iliyokuwa ikiigusa diski hiyo itasimama katika hali ya D, ya kungoja diski, na haitaulika hata kwa `kill -9`. Wengi huishia kuiwasha upya seva nzima kwa sababu hiyo tu.

Kwa upande wa seva mpya, nyaya zikiwa bado nje, iwashe upya ili kumbukumbu yake isafike, na mstari wa diski ya hifadhidata uwe umeshatolewa kwenye `fstab`. Tengeneza jina jipya kwa `iscsi-iname`, uliandike kwenye faili lile la IQN, kisha uiwashe tena huduma ya iscsid. Jina la seva ya zamani usiliguse kamwe, kwa sababu upangaji wake wote umefungwa humo. Rudisha waya mmoja. Jina jipya litajitokeza kwenye programu ya usimamizi kama lango lisilo na mwenyewe. Lisajili kama seva mpya, chagua aina ya mfumo kuwa Linux, na uipangie diski ya TB 2 hiyo seva peke yake. Kwa kuwa kundi lako la chaguo-msingi ni tupu, haitaona kitu kingine.

Namba ya LUN kwenye seva mpya iwe 0. Namba hizi huhesabiwa kwa kila seva peke yake, hivyo LUN 0 ya seva hii na LUN 0 ya ile ni diski mbili tofauti na hazigombani. Diski ya MB 20 ni mlango ambao storeji huuweka kwenye LUN 31 ili iweze kusimamiwa kupitia nyaya zile zile za data. Haina data yako. Kama unaisimamia kupitia lango lake la mtandao, unaweza kuuondoa mlango huo kwenye upangaji wa seva, lakini ukiuacha hauna madhara.

Mdau_wa_Isevya

Nimemwelewa BiSeva, na ninakubaliana na mpangilio huo. Niongeze jambo ambalo Fundi atakutana nalo atakaposajili seva mpya: programu itamuuliza kama seva hiyo inashiriki diski na seva nyingine. Ajibu hapana. Akijibu ndiyo, ataunda kundi la seva, na diski zitakazopangiwa kundi hilo zitaonekana kwa wote waliomo, yaani atarudi pale pale kwa hiari yake. Diski pepe moja hupangiwa seva moja au kundi moja, basi. Kundi ni la klasta (seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja), ambamo kuna mfumo wa faili unaojua kupeana zamu, kama VMFS ya VMware au GFS2 ya Linux.

Mtunza_Data_Mwanga (Kigoma)

Wakuu, nami nichangie kidogo upande wa umeme. Huku kwetu, miaka ya kutegemea jenereta za dizeli, tulizoea kukatikiwa, na shida za upangaji zilijitokeza zaidi wakati wa kuwasha. Storeji iwashwe kwanza na isubiriwe hadi kontrola zote mbili ziwe tayari, seva zifuate. Kwenye `fstab` diski za iSCSI ziwe na `_netdev` ili zisubiri mtandao, na `nofail` ili seva isikwame katikati ya kuwaka diski isipopatikana. Kwa ya hifadhidata uhakikishe huduma yenyewe haianzi kabla diski haijapachikwa, la sivyo itaandika kwenye folda tupu na utadhani data imepotea.

Fundi_wa_Cheyo

Narudisha majibu kama nilivyoombwa. `e2fsck -n` iliripoti hesabu zisizolingana za nafasi zilizo wazi na inodi (rekodi za mafaili) chache zilizokosa wazazi. Nilinakili kwanza, nikarekebisha, kisha hifadhidata ikajikagua yenyewe na kutoa jedwali moja lenye kasoro, ambalo ni la kumbukumbu za kuingia kwa watumiaji. Nimelirudisha kutoka nakala rudufu ya usiku uliotangulia kuwasili kwa seva mpya. Majedwali ya wagonjwa yamelingana.

Seva mpya sasa ina jina lake, na kwenye `multipath -ll` inaonyesha diski moja tu ya TB 2 yenye njia nne katika makundi mawili, mbili zikiwa hai na mbili zikisubiri. Faili la nakala nimelihamishia kwenye diski ya nje kabla ya kuisafisha hiyo TB 2 kwa ajili ya picha.

Kimebaki kitu kimoja. Storeji inawaka taa ya tahadhari na kuandika kwamba diski ya hifadhidata haipo kwenye njia yake inayopendelewa. Kazi zinaendelea bila shida. Je, kuna nilichokiacha wazi?

BiSeva_Ujiji (Kigoma)

Hiyo ni alama ya ile vurugu ya kutoana. Kila diski pepe ina kontrola yake ya kawaida, na vikao vilipokuwa vikifungwa ovyo, seva ya zamani iliamua kufikia diski kupitia kontrola ya pili, umiliki ukahamia huko na haujarudi. Data haina tatizo, ila kontrola moja inabeba mzigo wote.

Kwanza thibitisha kwenye seva ya zamani kwamba njia zote nne za diski hiyo ziko hai, na hakuna iliyoandikwa `failed` au `faulty`. Njia ya kontrola ya kwanza ikiwa bado imekufa, ukiirudisha diski huko seva itaihamisha tena, na kazi yako itakuwa bure. Njia zikiwa salama, tumia chaguo la kuzigawa upya diski kwa kontrola zake kwenye programu ya usimamizi, saa ambayo watumiaji ni wachache, kwa sababu maombi husimama kidogo wakati wa kuhama. Taa itazimika yenyewe. Isipozimika, tuwekee hapa `multipath -ll` ya seva ya zamani yote kama ilivyo, bila kuikata.